Chembe za Togwa na Jina Langu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi kali. Ninaandika nikiwa nimevaa soksi kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia umejitolea.

Leo amefika mtafiti kutoka chuo kikuu. Dk. Ummy, binti wa mzee Shamsi mwenye malori pale mjini. Namkumbuka akiwa kidato cha pili, alivunja bika mbili za kioo za maabara siku moja akalia hadi nikamfichia vipande. Leo ni daktari, mimi bado naosha bika. Lakini ana adabu. Alinipa shikamoo mbele ya walimu wote, na Mwalimu Evans wa fizikia, ambaye kila asubuhi huniambia mambo vipi mshikaji kana kwamba tulicheza gololi pamoja, alisikia vizuri.

Kazi yake ni kuchunguza namna vitu vidogo sana vinavyotembea ndani ya vitu ambavyo si maji hasa wala si vigumu hasa. Rangi ya ukuta. Makamasi. Uji. Ameshapima vyote. Sasa anataka kupima togwa, siku tano mfululizo, kutoka ndoo moja. Alitueleza kwamba chembe ndogo ikiwekwa kwenye maji huzurura ovyo, lakini kuzurura kwake kuna sheria: ikitaka kufika mbali mara mbili, itachukua muda mara nne. Ndani ya vitu vizitovizito sheria hiyo huvunjwa, na yeye anataka kujua inavunjwaje. Evans alitikisa kichwa kama mtu aliyeitunga.

Mkuu wa Shule alisema Daktari atahitaji mtu wa kumsaidia maabara. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu mwenye ufunguo ni mimi. Jumamosi ni siku ya wazazi. Matokeo yatachapwa kwenye bango kubwa, na chini ya kichwa cha habari yatawekwa majina ya waliofanya kazi.

Majina! Miaka kumi na tisa nimeandika lebo za chupa za watu wengine. Jina langu limewahi kuchapwa mara moja tu, kwenye orodha ya wazazi ambao hawajaleta dawati. Nimeamua. Jina langu litakuwa kwenye bango hilo hata kama ni kwa mbinu.

Nilimwambia Daktari togwa itatoka nyumbani kwangu. Sikutaja atakayeipika. Hapo hakuna uongo, nyumba ni yangu. Mke wangu Fransiska amepika uji wa mahindi, ukapoa, akatia kimea cha ulezi, akanionya nisitikise ndoo. Ananionya kama mtoto.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya kwanza ya vipimo. Aibu tupu.

Daktari alichukua tone la togwa, akachanganya na chembe zake za plastiki zilizo ndogo kuliko vumbi, akaweka chini ya hadubini. Kwenye kompyuta vikaonekana vidoti vyeupe. Nilitegemea maajabu. Vidoti vilitetemeka palepale vilipo na havikwenda popote. Togwa ya nyumbani kwangu, chembe zimelala!

Daktari akafurahi, eti hicho ndicho alichokuwa anatafuta. Akaeleza kwamba wanga wa uji umejenga vizimba vidogo, chembe inanasa ndani ya kizimba, inahangaika humo mpaka ipate upenyo, ndipo inaruka kwenda kizimba kingine. Kimea kikiendelea kula wanga, vizimba vitabomoka siku baada ya siku, na chembe zitapata uhuru. Evans akasema inavutia sana. Kila kitu kwa Evans kinavutia sana.

Mimi nilifikiria tofauti. Nani atamkumbuka msaidizi ambaye chembe zake zilikaa tu? Nikapata wazo. Ikiwa baridi ndiyo imezifanya zizubae, joto litaziamsha. Daktari alipokwenda kunywa chai, nilisukuma jiko la mkaa ninalootea moto chini ya meza ya hadubini, upande wa dirishani, nikalifunika na koti langu jeupe la maabara. Si karibu sana. Nina akili.

Aliporudi, chembe zilikuwa zimeamka. Zilitembea zote, kwa mpangilio, upande mmoja, zikifuatana kama malori yanayokwenda mpakani Kasesya. Sijaona kitu kizuri namna hiyo tangu nianze kazi. Nilitaka kupiga makofi.

Daktari hakupiga makofi. Alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimegusa kitu. Nikasema hapana, na kwa kweli jiko nililisukuma kwa mguu. Akasema chembe zikizurura kila moja na njia yake, huko ndiko kutawanyika kunakochunguzwa. Zikienda zote upande mmoja, hazitembei, zinabebwa. Kitu fulani kinaisukuma togwa yote. Hapo koti langu lilianza kunuka.

Evans ndiye aliyeinama na kulikuta jiko. Bila shaka. Alilitoa nje akilibeba mbali na mwili wake kama mtu aliyekamata kicheche. Daktari alisema kwa upole kwamba moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na kwamba vipimo vya leo vimeharibika. Kisha alikaa saa nzima akipiga hesabu kwenye daftari. Kwa upole! Bora angenifokea.

Koti lina tundu la ukubwa wa sahani.

Jumatano, 16 Julai

Tatizo si jiko. Tatizo ni Evans. Anakaa kwenye kiti changu. Anamwambia Daktari maneno ambayo ameyasoma jana yake. Mtu wa miaka thelathini na moja, hajawahi hata kuzibua sinki.

Nikapanga mbinu safi. Nilimwita pembeni nikamwambia, kama siri ya wanaume wawili, kwamba Daktari angefurahi sana kupata kimea cha ulezi cha Mwimbi, kwa sababu ulezi wa kule ni wa asili, ila anaona haya kuomba. Daktari hakuwahi kusema hivyo. Mwimbi ni kwetu, naijua barabara yake. Kwa pikipiki, na upepo wa Julai, mtu anarudi akiwa hana hamu ya sayansi.

Evans aliomba ruhusa, akapanda bodaboda saa tatu asubuhi. Nilimsindikiza mpaka getini na nikamtakia safari njema. Siku nzima kiti kilikuwa changu.

Nilitumia nafasi hiyo kumuuliza Daktari moja kwa moja, ingawa kwa kuzunguka kidogo, jina la mtu huwekwaje kwenye bango. Alisema huwekwa jina la mtu ambaye bila mchango wake kazi isingesimama. Nikamuuliza kama kufungua mlango ni mchango. Akasema kila mchango una thamani yake. Jibu la namna hiyo ndilo nililopewa nilipoomba kupandishwa daraja.

Jumanne jioni Daktari alipitia nyumbani kumshukuru Fransiska kwa togwa. Nimejua leo tu. Wameongea muda mrefu, kumbe. Nilipomuuliza Fransiska waliongea nini, alisema mambo ya kimea. Wanawake wawili na kimea. Sikuendelea kuuliza.

Alhamisi, 17 Julai

Evans amerudi. Uso umepauka kwa vumbi, midomo imepasuka, na mkononi ana mfuko wa kimea kutoka kwa bibi mmoja wa Mwimbi aliyemkaribisha ugali na maharage. Nilijiandaa kumwonea huruma.

Daktari aliruka kwa furaha! Kumbe kimea cha sehemu nyingine ndicho alichokuwa amekosa cha kulinganisha nacho. Alimshukuru Evans mara tatu. Evans, ambaye hana haya, alisema wazo lilikuwa langu, kisha akacheka, na Daktari naye akacheka, wakidhani ananitania. Ukweli umesemwa mbele ya mashahidi na hakuna aliyeuamini.

Leo Daktari ameona jambo jipya. Chembe zikipigwa wastani, zinatii sheria kabisa, kama chembe za ndani ya maji. Lakini ukizifuatilia mojamoja, nyingi hazijasogea hata kidogo, na chache zimekimbia mbali kupita kiasi. Wastani unaonekana mzuri wakati kila moja ina maisha yake. Alisema ni kama darasa ambalo wastani wake ni hamsini lakini hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepata hamsini. Nilielewa mara moja. Ni kama shule hii. Wengine wanaruka mpaka Mwimbi na kurudi na sifa, wengine wananasa kwenye kizimba miaka kumi na tisa.

Nilisema hivyo kwa sauti. Evans akanipiga begani akasema mzee, hiyo imetulia. Sitaki mkono wake begani mwangu.

Jioni niliamua kuihamisha ndoo ya togwa kutoka maabara kwenda stoo, ambako Evans hana ufunguo. Anayelinda togwa, kazi haiwezi kusimama bila yeye. Kizingiti cha stoo kiliwekwa na fundi asiye na macho. Nilijikwaa. Ndoo ilipinduka.

Nimeokoa bika moja. Moja tu.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimwambia Daktari kwamba togwa imepungua kwa sababu ya baridi. Alitazama sakafu ya stoo, akatazama viatu vyangu. Kisha akaniambia bika hiyo moja ndiyo ya kipimo cha kesho asubuhi, cha mwisho, na asiiguse mtu. Akanikabidhi mimi. Mbele ya Evans! Nilihisi mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Nilikaa na bika ile tangu saa mbili. Sikwenda hata chooni.

Saa tano Mkuu wa Shule akaingia na mzee Adolfu, mwenyekiti wa bodi ya shule, amekuja kuona maandalizi. Mzee wa watu, kofia mkononi, ananisemesha Kifipa, ananiulizia mama yangu. Mkuu akasema, Leonsi, hebu mwoneshe mzee hiyo togwa inayotuletea sifa.

Sasa naomba mtu yeyote mwenye malezi aniambie ningefanya nini. Niliishika bika kwa mikono miwili, nikasogea. Mzee akanyoosha mikono yake miwili. Mikono ya mzee imeshanyooka! Nimrudishie hewa? Na togwa hapewi mgeni kabla mwenye togwa hajaonja, maana ni kumwambia mgeni kwamba huenda umemwekea kitu. Kwetu ukimpa mzee kinywaji hujakionja, habari inafika Mwimbi kabla yako. Kwa hiyo nikaonja. Funda moja, la adabu. Nikampa.

Mzee Adolfu aliinua bika na hakuishusha mpaka ilipokuwa tupu. Akajifuta mdomo, akasema imeiva vizuri, ila ingengoja siku moja tu. Ndicho hasa Daktari alichokuwa anangoja.

Daktari aliingia wakati mzee ananirudishia bika. Alisimama mlangoni. Alimwamkia mzee, mzee akaitikia marahaba, akamsifia togwa. Huwezi kumkasirikia mzee. Kwa hiyo alinitazama mimi. Evans aligeukia dirishani na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilijaribu kueleza kuhusu kuonja. Daktari alisema anaelewa, hata kwao mjini mgeni haachwi na kiu. Kisha akakaa chini, akafunika uso. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nasema tena, kosa ni la Mkuu. Alisema nimwoneshe. Nani humwonesha mzee togwa?

Nilirudi nyumbani nimechoka. Nikamweleza Fransiska kila kitu wakati anapakua ugali. Hakushtuka. Alikwenda chumbani, akainama, na kutoka chini ya kitanda akavuta ndoo. Ndoo ya pili! Ya mpiko uleule wa Jumatatu. Kumbe Jumanne, baada ya habari za jiko, Daktari alimwomba aiweke mahali ambapo mimi sitaifikia. Kila siku saa nne asubuhi Fransiska amekuwa akichota kwenye kichupa, anaandika saa na hali ya hewa nyuma ya daftari la kwaya, na kichupa anamkabidhi Daktari mwenyewe anapopita kwa bodaboda.

Nimelala juu ya sayansi siku tatu na hakuna aliyeniambia. Na bika niliyoilinda tangu saa mbili, kumbe ilikuwa ya kunishughulisha tu. Mahali ambapo mimi sitafikia, wakachagua kitanda changu. Nilisukuma ugali. Baadaye niliuvuta tena, kwa sababu ya njaa, si kwa sababu nimesamehe.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya wazazi. Kipimo cha mwisho kilifanyika asubuhi kwa togwa ya chini ya kitanda. Bango lilichapwa mjini Mazwi na kuletwa saa sita, bado linanuka wino. Majina yalikuwa matatu. Dk. Ummy. Fransiska, mke wangu. Evans.

Nililisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

Fransiska alipanda jukwaani na kitenge chake cha Pasaka. Mke wangu, aliyeishia darasa la saba, akawaambia wazazi kwamba kimea kilichooteshwa wakati wa baridi kinachelewa kulainisha uji kwa siku nzima, na kwamba hajawahi kutikisa ndoo siku ya kwanza kwa sababu mama yake alimkataza. Daktari akasema picha za hadubini zimeonesha jambo hilohilo, vizimba havipendi kutikiswa vikiwa vinajengeka. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee Adolfu alisimama.

Mimi nilikuwa nyuma napanga viti. Niliumia, sitaficha. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilijivunia, mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia mzazi mmoja ni vumbi. Nilikuwa nimekuja kukasirika na sikupata hata nafasi ya kukasirika vizuri.

Evans alikuja kunipa mkono. Nilikuwa nimebeba viti.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa nilikwenda ukumbini kubandua bango. Kazi ya kubandua ni yangu daima. Nilipanda stuli, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa umekaribia sana, nikaona maandishi madogo pale pembeni, chini ya mchoro, ambayo mtu aliyesimama chini hawezi kuyasoma.

Nanakili neno kwa neno: Vipimo vya Jumanne vilisahihishwa kwa kuondoa athari ya Leonsi, yaani chembe zote kusukumwa upande mmoja na chanzo cha joto kisichotarajiwa.

Athari ya Leonsi!

Nilibandua bango taratibu, nisichane hata kona moja. Kisha nikapanda baiskeli mpaka kwa mzee Shamsi, ambako Daktari alikuwa anafunga mizigo. Aliponiona na bango mkononi alipata haya. Akaniomba radhi, akasema ni utani wa kazini uliojipenyeza, ataufuta kabla hajawatumia wenzake wa chuo. Afute? Nilimkatalia kwa nguvu zote. Niliuliza hesabu ya kuniondoa ilichukua muda gani. Akasema usiku mzima, na kurasa mbili. Nikamwomba anioneshe hizo kurasa. Ni kurasa mbili kweli, na jina langu limeandikwa mara saba, mara nyingine likiwa katikati ya tarakimu. Akaniangalia, akatabasamu, akasema basi ataliacha, na kwamba pengine wengine pia watakutana na tatizo hilo na watahitaji jina la kuliita. Watu wa nchi nyingine!

Jumatatu, 21 Julai

Fransiska amenieleza kwa utaratibu, akiwa anachambua maharage, kwamba maana ya sentensi ile ni kuwa niliharibu na ikabidi wanisafishe. Nimemwambia, mama Salome, sina kinyongo, ni kawaida mtu kuwa na wivu na mume wake. Akaendelea na maharage.

Ukweli uko wazi kwa anayetaka kuuona. Jina la Evans liliwekwa kwa kuandikwa tu, dakika moja. La kwangu ilihitajika elimu ya udaktari na kurasa mbili kuliondoa, na bado halikutoka. Nimemweleza kinyozi. Nimemweleza muuza vocha. Nimemweleza Mkuu wa Shule, ambaye aliniuliza kama nimeshalipia koti.

Daktari atarudi Septemba kupima asali. Asali ni nzito kuliko togwa, itakuwa mbishi zaidi. Jiko moja limenipa athari moja. Leo mchana nimeazima mengine mawili.